Maziko ya Sikio la Mwinyimadi

Sogeeni, enyi wa ukoo wa jembe na enyi wa ukoo wa kinu! Mchicha na ulale kwenye ungo, mbuzi na ajifunge mwenyewe, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana nikishaanza sirudi nyuma. Nawaletea habari za vita. Si vita vya Mdachi wala vya Hitila, ambavyo wenye vitabu wamekwisha kuviandika hata wino ukawaishia; hivi ni vita vilivyopiganwa huku kwetu Masaki, katika nchi ya Kisarawe, zama za Mwingereza, mwaka ule mikorosho ilipozaa hata matawi yakaomba radhi, na uwanja wake wote haukuzidi upana wa punje ya hindi.

Kitendawili! Ndugu wawili wamejenga huku na huku ya mlima mmoja, tangu kuzaliwa hawajaonana. Hamjui? Basi nipeni mji. Sheria mnaijua: ashindwaye kutegua humpa mtegaji mji, naye mtegaji huenda akautawala, akala matunda yake, akajisifu mpaka atosheke, ndipo atoe jibu. Iwekeni miji yenu karibu, tutaihitaji.

Palikuwa na shujaa, jina lake Mwinyimadi, mwana wa tumbo langu, Mlinzi wa Mihogo, Mtisha-Nguruwe, Bwana wa Dungu. Dungu lake, kibanda kilichopandishwa juu ya miti mwisho wa shamba, lilimwinua juu ya nchi kama sultani kwenye roshani. Na silaha yake ilikuwa debe la mafuta ya taa, kuukuu, lenye kutu, alilolipiga kwa rungu la mkole. Debe hilo likilia, nguruwe wote wa kutoka kwetu mpaka Maneromango walikumbuka kwamba wana shughuli kwingine. Mtu huyu aliwahi kumkabili chui kwa mpini wa jembe. Kweli, chui alikuwa amekwisha kugeuka anakwenda zake. Lakini mpini ulinyanyuliwa, na mimi mamake niliuona.

Lakini uvivu wa dunguni ni adui asiyepiga hodi. Shujaa akikosa nguruwe hujikuna, na Mwinyimadi alikuwa na mwiba wa nungu, mrefu, wenye mabaka meusi na meupe, ambao aliutia katika sikio la kulia akauzungusha taratibu, macho ameyafumba, mdomo umempinda kwa raha kama mtu anayelamba asali ya kuiba. Mwiba ukakwangua ngozi, na adui akaingia kwa mlango ule uliokwanguliwa. Sikio likawasha, kisha likavimba, kisha likauma. Akiligusa tu, Simba wa Dungu hulia kama kifaranga kilichokanyagwa.

"Ni tandu," akatangaza. "Ameingia. Namsikia anatembea na miguu yake yote."

Likaitishwa baraza la majirani, na kila mmoja akaja na silaha ya jikoni kwake. Bibi Biasha wa nyumba ya pili alileta mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Mwingine akakamua kitunguu. Mwingine akaponda kivumbasi. Tena akaja aliyeapa kwamba dawa ya kweli ni maziwa ya mama anyonyeshaye, na hayo nayo yakatafutwa, yakaletwa kwenye kijiko, yakamiminwa kwa heshima zote katika sikio la mtu mwenye ndevu na watoto. Tandu hakutoka. Atatokaje, na hakuwamo?

Sasa ishikeni mioyo, maana habari inageuka.

Mwinyimadi alikuwa na binti, Sikudhani, wa miaka mitano hivi, mwenye pengo la mbele, mjukuu wangu na hasimu wangu wa vitendawili. Hakupata kutegua hata kimoja. Kila jioni nikisema "Kitendawili!" yeye huruka popote alipo, "Tega!" na baada ya hapo hunipa mji. Kwa njia hiyo nilikwisha kupewa Maneromango, na Mlandizi, na Kibaha pamoja na mashamba yake yote ya mkonge. Hata Dar es Salaam nilikabidhiwa asubuhi moja kwa sababu ya kitendawili cha yai. Kisarawe tu ndiyo aliyoninyima. Hiyo, alisema, ni yake na mama yake.

Basi mafua yakamshika mtoto, yakapita, yakaacha homa nyuma. Chakula hataki. Ukimlaza analia, ukimwinua ananyamaza, na mkono wake hautoki sikioni, analivuta kama avutaye kamba ya mbuzi mkaidi. Jioni nikakaa nyuma yake, naye anachezea ukindu, nikasema, "Kitendawili!" Kimya. "Kitendawili, mjukuu wangu!" Kimya vilevile. Nilipomgusa bega akageuka, akautazama mdomo wangu uliokwisha kufumbwa. Na kulipokucha, mkeka wake ulikuwa na doa la majimaji ya njano, yenye harufu.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kulialia, lakini moyo ulishuka hadi kwenye visigino. Kwa Bibi Biasha alikuwako kijana ambaye sikio lake lilitoa usaha akiwa mdogo, wakaliacha, wakisema litakauka lenyewe. Leo ukitaka kumwita lazima umguse. Nikapapasa nyuma ya sikio la Sikudhani, pale kwenye mfupa, kuona kama pamevimba. Hapakuvimba. Alhamdulillahi, nikasema, bado tuna wakati, lakini hatuna wa kuchezea.

Mkamwana wangu Mwanahalima, mama wa mtoto, alikuwa amekwisha kujifunga kanga ya safari. "Mama, mie nampeleka Kisarawe kwa dresa wa zahanati. Tatizo ni baba yake. Kasema sikio halitoki humu ndani."

"Halitoki kwa nini?"

"Kamuulize mwenyewe, mama. Akinijibu mie nitamrushia mwiko."

Nikaenda mpaka dunguni, nikasimama chini.

"Shikamoo, mama," akasema shujaa kutoka juu, kichwa amekiinamisha upande.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ana homa na sikio linatoa maji. Kesho alfajiri aende kwa dresa, na wewe pamoja naye."

Hapo nikaona hila ya kivita ambayo sijapata kuiona tena. Mwinyimadi akanigeuzia sikio bovu, kama askari ainuavyo ngao, maneno yangu yakaligonga yakaanguka chini. Nikazunguka upande wa pili wa dungu. Naye akazunguka. Nikarudi. Naye akarudi. Tukawa tunazungukana, mimi chini yeye juu, mpaka kisunzi kikanishika nikakamata nguzo.

"Mwinyimadi! Nitapanda!"

Ndipo akasimama wima, akashika kiuno, akahutubia pori. "Mama yangu uliyenizaa! Katika nyumba hii sikio lililotangulia kuugua ni langu. Nalo ni kubwa, ni la baba. Tangu lini mdogo akamtangulia mkubwa? Sikio dogo halitakwenda kwa dresa kabla ya sikio kubwa!"

"Basi kubwa liende."

"Kubwa haliko tayari."

"Litakuwa tayari lini?"

Sauti ikashuka, ikawa ya mtoto niliyemlea. "Mama, yule dresa ana chuma. Kinaingia huku kinatokea huku. Nimeambiwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Nikarudi nyumbani nikiwaza. Jeshi gani litamshusha huyu? Chui alishindwa. Mke ameshindwa. Mama kazungushwa mpaka kisunzi. Ikabaki silaha moja tu katika ghala la Masaki, kali kupita zote, nayo ni mtani.

Mtani wetu aliitwa Saburi, Mnyamwezi aliyekuja Kibaha kukata mkonge, akahamia kwetu akaoa, akabaki anatutukana. Nani asiyeujua utani wetu na Wanyamwezi? Mtani hukutukana usinune, huchukua chako usimshtaki, na ukifa ndiye anayeigiza mwendo wako matangani mpaka wafiwa wacheke. Anayemkasirikia mtani ameaibika yeye, na wanawe, na kuku wake. Nikamwendea Saburi, nikamweleza. Alinisikiliza, akafikiri, akaniomba vitu viwili tu: kifuu cha nazi na kipande cha bafta nyeupe.

Asubuhi, kabla umande haujakauka, kilio kikasikika njiani. "Ooo! Ooo! Sikio la mtani wangu! Limetutoka!" Akatokea Saburi, kofia ameivaa kinyume, mikononi amebeba kifuu kilichofunikwa bafta kama jeneza, nyuma yake wanawake wa Masaki nzima wakijizuia kucheka kwa ncha za kanga. Akaliweka jeneza katikati ya uwanja. Akachukua upawa wangu wa mchuzi, akaenda penye mpapai, akachimba kaburi la urefu wa kidole. Dua hatukusoma, maana dua si mchezo. Mengine yote tulifanya.

Mwinyimadi akashuka dunguni mbio, debe kwapani. "Nani kafa?"

"Sikio lako, mtani. Pole sana."

"Sikio langu halijafa!"

"Limekufa. Linanuka."

"Hicho ni kitunguu!"

Saburi akainua mikono kuwanyamazisha wafiwa. "Enyi watu wa Masaki! Marehemu alikuwa sikio jema. Mkewe alipoagiza kuni, hakusikia. Mamake alipompa shauri, hakusikia. Lakini mtu akinong'ona 'ubwabwa umeiva' huko Kibaha, marehemu alisimama! Sasa nauliza, mla mihogo wewe, maiti iko wapi? Kaburi likishachimbwa halilali wazi. Lete sikio tuzike, nina kisu."

"Mbeba mizigo we! Nenda kazike mdomo wako!"

"Mdomo wangu bado unatumika. Hutaki? Basi nenda Kisarawe, dresa anene kwa kinywa chake kwamba sikio li hai, hapo nitafukia kaburi. Mpaka hapo, hili ni mateka." Na Mnyamwezi yule, kwa wepesi wa tumbili, akalitwaa debe, akaligeuza, akalikalia.

Watu wakaguna. Debe! Shamba bila debe ni karamu ya nguruwe. Mwinyimadi akatetemeka kwa hasira, na hasira hana ruhusa nayo. Akacheka kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wanawake nao wakaangua kicheko, uwanja mzima ukavuma.

Mtu mmoja tu hakucheka. Sikudhani alikuwa mapajani mwa mama yake, anaitazama midomo yetu mmoja mmoja, akitafuta kilichotufurahisha, asikipate. Kisha akalishika sikio, akalia polepole.

Baba yake alimwona. Nami nilimwona alipomwona. Kicheko kikamkauka Mwinyimadi, akasimama pale kama mti uliopigwa na radi, kisha akaenda akachutama mbele ya binti yake, akamwita jina kutoka upande ule unaouma. Akamwita tena. Mtoto hakugeuka.

"Mama," akaniambia, bila kusimama, "twende."

Hivyo jeshi likaondoka Masaki: mbele Mwinyimadi na mwanawe mabegani, kisha Mwanahalima na kibuyu cha maji, kisha mimi na fimbo yangu. Tulivuka mikorosho, tukavuka mashimo ya wachoma mkaa, tukapanda vilima vya Kisarawe ambavyo Mungu aliviweka kwa ajili ya magoti ya watu wengine. Jua lilipopata nguvu tukawa kwenye benchi la dresa.

Dresa huyo, Bwana Zahoro, alikuwa mfupi, mwenye koti jeupe lililomfika magotini na sauti ndogo kama ya mbu mstaarabu. Akachungulia nje. "Mgonjwa wa kwanza?"

Hapo Mwinyimadi, aliyekwisha kutangazia pori kwamba sikio dogo halitatangulia kubwa, akakumbuka ghafla desturi za wageni. "Mtoto," akasema. "Wadogo kwanza. Ndiyo adabu."

Sikudhani akapakatwa na mama yake, kichwa kimeegemezwa kifuani. Dresa akatoa kichuma chenye umbo la faneli ndogo na kijitaa nyuma yake, akachungulia, akachungulia tena. Mtoto akakaza macho, akauma mdomo, asilie. Dresa akafuta majimaji kwa utambi wa pamba safi, akatuhutubia.

"Ndani ya sikio mna ngozi nyembamba, kama ngozi ya ngoma. Mafua ya mtoto huyu yalipita njia ya ndani, yakaacha usaha nyuma ya ngoma hiyo. Usaha ukasukuma, ngoma ikatoboka, ndiyo maji mliyoyaona. Na sikio la pili limeziba kwa mafua hayohayo, ndiyo maana hawasikii. Mkiitunza itaziba. Atakunywa vidonge hivi vya salfa, vikisagwa, na maji mengi juu yake, avimalize hata akianza kukimbia na kucheka. Sikio likae kavu. Sokoteni kitambaa safi mfute kinachotoka, mkibadili mpaka kitoke kikavu. Msimimine kitu humo, si mafuta, si majani, si maziwa. Na mkiona uvimbe nyuma ya sikio, au shingo imekaza, au anasinziasinzia hovyo, mleteni hapohapo, msingoje kesho."

"Atasikia?" akauliza Mwanahalima.

"Mmewahi. Natumaini atasikia."

Nikashika fimbo yangu kwa mikono miwili, nikaona ukuta umekuwa na ukungu. Kisha dresa akageuka. "Na wewe, bwana mkubwa?"

Mwinyimadi akakaa. Dresa akainua mkono. Pakatoka ukelele, enyi wasikilizaji, ukelele uliowarusha kuku wa Kisarawe, na mlinzi wa boma akatoka nje na bunduki.

"Bado sijakugusa," akasema Bwana Zahoro. "Nilikuwa nawasha taa."

Ndipo Sikudhani akateleza kutoka mapajani mwa mama yake, akaenda akakishika kidole gumba cha baba yake, akamwambia kwa sauti kubwa, maana hakuwa akijisikia, "Baba, mie sikulia!"

Ni mkuki gani umepata kuchoma hivyo? Mwinyimadi akafumba macho, akashika benchi mpaka mbao zikalia. Dresa akalivuta sikio kidogo, shujaa akasaga meno. "La kwako ni la mlangoni," akasema dresa, "la mtoto ni la chumbani. Linalouma ukilivuta hivi ni la njia ya nje, limekwanguliwa na kitu." Akachungulia. Akanusa. "Nazi. Kitunguu. Kivumbasi. Bwana, humu umekosekana wali tu."

Na utambi ukaingia. Ukaingia kama jeshi liingialo ngome, ukafagia vyumba, ukatoka na uchafu wa mapishi ya mtaa mzima. Ukaingia wa pili, ukatoka. Na Mtisha-Nguruwe, Bwana wa Dungu, hakupiga kelele, hakukimbia, hakumwita mama yake isipokuwa mara chache na kwa sauti ya chini. Yakatiwa matone ya dawa. Kazi ikaisha. Chuma hakikutokea upande wa pili.

"Sikio li hai?" akauliza, jasho likimtiririka.

"Li hai. Likauke, lisiingie maji, na usilichokoe tena."

Tuliporudi, Saburi alikuwa bado juu ya debe, sauti imemkauka kwa kuwatukana nguruwe kutwa nzima. Akausikia ushuhuda, akainuka, akalirudisha debe kwa mikono miwili. "Lakini kaburi, mtani? Halilali wazi."

Mwinyimadi akafikiri. Akapanda dunguni, akashuka na ule mwiba wa nungu. Akautazama, nao ukamtazama, na penzi la miaka likapita baina yao. Kisha akauweka kifuuni, Saburi akaufunika bafta, wakauzika wote wawili chini ya mpapai, na mwanangu alilia kidogo, machozi ya kweli.

Siku zikapita. Mwanahalima alisaga vidonge, mtoto akavinywa na kuvitukana, vitambaa vilivyotoka na doa vikaanza kutoka bila doa, homa ikahama. Nami kila jioni nilikaa nyuma yake, nikasema lile neno, na kila jioni nilimeza kimya. Nikaanza kusogea mbali na kupunguza sauti kwa ukaidi tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina watu.

Basi jioni moja Sikudhani alikuwa uani anapembua mchele, mgongo amenipa, mimi nimo ndani nyuma ya pazia na ungo wangu. Huko shambani baba yake akapiga debe. Mtoto akainua kichwa, akakunja uso, akapaza sauti, "Baba, kelele!"

Ungo wangu ukanianguka. Nikakaza moyo, nikanong'ona, sauti ndogo kuliko ya Bwana Zahoro: "Kitendawili."

Akaruka mchele ukamwagika. "Tega!"

"Ndugu wawili wamejenga huku na huku ya mlima mmoja, tangu kuzaliwa hawajaonana."

Akafikiri, akauma kidole. "Nguruwe!"

"Siyo."

"Baba na Saburi!"

"Hao wanaonana kila siku, ndiyo shida. Nipe mji."

Alinitazama muda mrefu, pengo lake liko wazi, akipima moyoni mwake gharama ya jambo lile. Kisha akashusha pumzi kama mfalme aliyeshindwa. "Haya, bibi. Chukua Kisarawe."

Na iandikwe hivyo, enyi mliosikia: kwamba Kisarawe, pamoja na vilima vyake, na mikorosho yake, na boma la Bwana DC na bendera iliyokuwa juu yake, ilitwaliwa jioni ile na bibi mmoja wa Masaki aliyekaa nyuma ya pazia, bila risasi, bila mkuki, kwa neno moja lililonong'onwa likasikika. Waingereza hawakuambiwa. Jibu la kitendawili mnalo wenyewe, mmelibeba huku na huku tangu nilipoanza kusema. Na mji sijaurudisha.